Udongo wa Shamba la Juu

3 Septemba

Mama, shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na goti lako. Udongo ulionitumia tumeupima hapa maabara na hauna kasoro hata moja. Ndiyo maana sielewi: udongo kama huu unakupaje alizeti yenye mbegu pepe, maganda matupu, miaka miwili mfululizo? Na baba mdogo bado analitaka shamba?

Mwanao

11 Septemba

Marahaba, mwanangu. Goti linanung'unika lakini linatembea. Baba yako mdogo amesema wazi: msimu huu nikikosa tena, analichukua shamba la juu apande miti.

Sasa usicheke. Ule udongo niliuchota kwenye bustani ya mboga, nikauchekecha. Ningetumaje ule mbovu kazini kwako, watu wauone? Leo nakutumia wenyewe, mifuko minne. Nimegawa shamba kwa kufuata magugu yanapobadilika na jembe linaponata.

Mama yako

2 Oktoba

Mama, shikamoo. Nilicheka, nisamehe. Mteremkoni kuna tindikali nyingi, mwaga chokaa sasa hivi. Bondeni maji yanatuama, inua matuta. Kwenye kichanga tia samadi. Katikati pazima, paache.

Mkuu wetu ameisoma barua yako mara mbili. Mifuko yote minne ni udongo tofauti kabisa, kama ulivyogawa. Ameniuliza ulisomea wapi. Nimejivuna mpaka aibu.

Mwanao

19 Machi

Mama, shikamoo. Hii barua ya tatu hujajibu. Unaumwa, au shamba limekwenda? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

8 Juni

Marahaba, mwanangu, na unisamehe. Mzima mimi. Niliogopa kukupa habari nusunusu.

Juzi nikivuna, baba yako mdogo alifika na vibarua wawili na kamba ya kupimia mashimo ya miti. Hakunisalimu vizuri. Akavunja kichwa cha alizeti mteremkoni, akafikicha mbegu kiganjani, akapuliza. Hazikuruka, zilikuwa nzito. Akaenda bondeni, akafikicha, akapuliza. Kwenye kichanga hivyo hivyo. Mzee mbishi yule, alizunguka shamba zima akipuliza mpaka pumzi ikamwishia, nami namfuata nyuma.

Mwishowe akawageukia vibarua: "Kunjeni kamba. Shamba hili lina mwenyewe."

Nililia pale pale mbele yao, wala sikujificha.

Mama yako