Kidole Tumbo Changu Hakina Kosa

Mama,

Taifa lijulishwe kwamba mwanao Ognyan anakwenda kupasuliwa. Supu ya maharage ipo jikoni, ipashe moto.

Asubuhi nilisingizia tumbo ili nisirudi bwenini. Daktari, aliyerejea juzi tu kutoka Vienna, akanibonyeza chini kulia. "Panauma, bwana mdogo?" Mimi nilikuwa nimesingizia kitovuni, basi nikatingisha kichwa juu na chini, yaani hapana, kama Mbulgaria yeyote. Yeye, kwa mazoea ya Vienna, akaelewa ndiyo! "Kidole tumbo hicho. Hospitali, haraka."

Bibi analia huku akinifungia nguo za kulalia. Nikinyamaza ni kisu, nikisema ni shule.

~~Usihangaike kuja.~~ Njoo mbio, Mama! Siumwi popote!

Bibi kasimama nyuma yangu, anasoma. "Mwongo mkubwa wewe! Unarudi shule leo?"

Nimetikisa kichwa kushoto na kulia: ndiyo.

Mwanao mzima,
Ognyan