Mlango wa Dereva Usiguswe

Raskazone,
Tanga.
16 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Amur,

Asalaam aleikum. Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia kabisa ili jambo hilo liishe. Hujambo wewe, na Nihal hajambo? Ayman anaendeleaje na shule? Sisi huku hatujambo. Joto ni lile lile la kila mwaka, umeme unakwenda na kurudi, na mama anahangaika na miguu yake. Hilo la miguu nakwambia tu, maana hujauliza.

Barua hii anakuletea Masoud anayekuja huko, pamoja na kopo la achari ya ndimu. Simu nimeiacha makusudi. Nikikupigia unaiweka spika, Nihal anajibu nusu ya maneno, na nikikutumia ujumbe unanirudishia kidole gumba kabla hujausoma. Leo itabidi ukae chini usome.

Nianze na amri yako. Umenirushia picha za gari lako, umezizungushia alama nyekundu, ukaniandikia kwamba rangi nyeusi imejaa mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui. Kwamba ni Kristofa anayelifuta kwa matambara makavu. Kwamba kabla ya Ramadhani kuingia awe ameondoka. Mlinzi aliyetufungulia geti tangu baba yu hai, aondoke yeye na mkewe Praxeda, kwa ajili ya mikwaruzo ambayo mtu mwenye macho mazima haioni mpaka ainame juani. Nilipoisoma amri hiyo nilidhani una homa.

Picha, najua, kakutumia Abdulghani. Binamu yetu huyo akija kumjulia hali mama hukaa naye kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, kisha hutoka uani na tochi ya simu kukagua boneti. Sijapata kumwona akimmulikia mama dawa zake.

Labda huko Maskati umesahau habari za gari lenyewe. Ulilinunua ili liwe linakungoja ukija likizo. Umekuja mara moja. Ukalipeleka Mkwaja, ukalipeleka Horohoro bila shughuli yoyote mpakani, kisha ukalivika turubai na kukataza mtu yeyote asiliendeshe. Tangu hapo mama anakwenda kliniki kwa bajaji, anapandishwa kwa kushikwa huku na huku, na gari la mwanawe limelala kivulini. Hilo halijakukosesha usingizi hata siku moja.

Hata hivyo fundi uliyemwagiza nilimpokea. Anaitwa Rama, na fulana yake imeandikwa mgongoni kwamba yeye ni Daktari wa Rangi. Alikuja na mashine, sponji na makopo ya polishi, akayapanga barazani kwangu kana kwamba anapasua mtu. Kwa maelezo yake, vumbi la hapa lina mchanga na chumvi ya bahari. Ukilifuta kavu, mchanga unachora lile tabaka la juu la rangi wanaloliita klia. Dawa ni kuliosha gari vizuri, kisha kulisugua tabaka hilo taratibu kwa polishi mpaka michoro iishe. Maneno hayo machache aliyatoa asubuhi nzima, huku akinywa chai yangu.

Sitasema uongo, boneti ilitoka vizuri. Niliinama nikajiona mpaka nywele za kidevuni, jambo ambalo sikulihitaji.

Jioni alikuwa amebakiza mlango wa dereva. Alisema ndio ulioharibika kuliko pote, mchoro umekaa juu ya mchoro, na angekuja kuumaliza asubuhi. Alipoondoka nikamwita Kristofa. Nilikuwa nimechoshwa na wewe, nimechoshwa na kelele za mashine, hasira zote nikammwagia yeye. Nikamuuliza gari analifuta na nini. Hakukana wala hakukubali. Alitazama viatu vyake, akasema, "Kama ni kuondoka nitaondoka, Bi Zeyana." Nilimwona mtu ovyo kabisa, asiyeweza hata kujitetea.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nilifungua dirisha la jikoni. Kristofa alikuwa amelinyanyua turubai upande wa dereva, na mama amesimama pale na fimbo yake. Alikuwa anasoma. Akimaliza aya anaupulizia upindo wa leso, kisha anaupitisha mlangoni, duara juu ya duara, pale unapokuwa ubavu wako ukiendesha. Mkono ule ule, Amur, wa kutusomea tulipokuwa na homa, anatupuliza na kutupangusa kifua mpaka tunalala.

Nilitoka nje. Nikamuuliza, kwa upole niliouweza, kwa nini anajitesa kulisomea gari. Alinitazama kwa kunihurumia.

"Gari nilisomee lina nini?" akasema. "Namsomea Amur. Mkono wangu wafika hapa, Maskati haufiki."

Nikamwomba basi angalau ailowanishe leso. Akakataa. Maji, anasema, yanaondoa kisomo.

Aliporudi ndani, Kristofa akanieleza yaliyobaki. Mama hufanya vile kila alfajiri tangu ulipoondoka. Michoro yeye na Praxeda waliiona zamani, wakaamua kunyamaza, kwa sababu mama akiambiwa mkono wake unaharibu mali ya mwanawe hatasoma tena, na siku asiyosoma hali chakula. Nikamuuliza kama alikuwa tayari kufukuzwa kwa jambo hilo. "Mimi kazi nitapata kwingine," akasema. "Yeye mlango huo ataupata wapi?" Nikaenda kuchemsha chai.

Sasa sikiliza niliyoyaamua, na usinipigie simu kubishana. Kristofa haondoki. Praxeda naye haondoki, maana ndiye anayemkanda mama miguu wakati wewe unazikuza picha za boneti kwa vidole viwili. Turubai nimempa Kristofa aezekee banda lake la kuku. Ufunguo wa gari uko kwenye mkoba wangu, na kesho mama anakwenda kliniki amekaa mbele, kiti kimelazwa. Likikwaruzwa sokoni litakuwa limekwaruzwa likifanya kazi.

Rama alipofika nilimwambia mlango wa dereva usiguswe. Alilalamika sana. Gari zima linang'aa na mlango mmoja umefifia, watu watasema kazi yake mbovu, jina lake litachafuka mjini. Nilimwambia akalisafishe jina kwenye gari jingine. Akakunja waya zake, akaondoka amenuna. Abdulghani naye amekuja na tochi yake, akauona mlango, akaniuliza kama nitakuambia ukweli. Nimemwambia nitakuambia, ila yeye nimemnyima kahawa.

Leo mchana, kabla ya kukaa kuandika, nilikwenda kusimama mbele ya mlango huo juani. Uliyosema ni kweli, michoro inaonekana, na ni mingi mno. Inaanzia usawa wa bega langu, inashuka. Niliifuata kwa kidole mpaka chini, ndipo nikaelewa. Ile ya juu ni ya siku za mwanzo, ulipokuwa ndiyo kwanza umeondoka. Mama hawezi tena kuifikia. Mgongo umepinda, na sasa anapangusa chini ya kitasa.

Basi, ukitaka mlango wako ung'ae, njoo. Usitume fundi, usitume kopo la polishi. Uje mwenyewe, uamke alfajiri, usimame pale kwenye mlango mama akukute wewe badala ya gari. Na utainama, Amur, utainama sana, ndipo akufikie kifuani.

Nisalimie Nihal, na Ayman mbusu. Shangazi Azza mwambie ubani wake ulifika na ni mzuri. Kristofa na Praxeda wanakusalimu, kwa heshima kubwa kuliko unayostahili. Mama hajui kwamba nimekuandikia haya, kwa hiyo hajakutumia salamu kwa mkono wangu. Zake alishazituma alfajiri ya leo. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, kama anavyoombwa kila siku kwa ajili yako.

Dada yako anayekupenda, ingawa leo si sana,

Zeyana