Saini ya Shemeji

Dada mpendwa,

Sisi wazima, na mafua ya mama yamepoa. Kwenye mafunzo ya ubunifu kazini tuliulizwa nini kinawachosha wananchi. Nikasema cheti cha kuzaliwa kinadai saini tano, wakati moja inatosha. Mkurugenzi akapiga makofi. Wiki iliyofuata saini nne zikafutwa, ya mumeo ikiwemo.

Najua hajakuambia. Hajapangiwa kazi nyingine, lakini kila asubuhi anafunga tai na kuja kukaa kwenye benchi la wananchi. Jana mzazi mmoja alipata cheti kwa dakika kumi, akanikumbatia kwa furaha. Shemeji akaniambia, “Umefanya vizuri, shemeji.” Sikujua nishukuru au niombe radhi. Nikamletea chai.

Mpigie, dada, ila usimwambie nimekuandikia.

Mdogo wako aliyechanganyikiwa