Kompyuta Yetu Ilikuwa Buenos Aires

Kituo cha Afya,
Matombo,
Morogoro.
15 Machi 2024

Mpendwa Mjomba Alois,

Shikamoo. Habari za Kigoma, na mguu wako unaendeleaje? Mama anauliza kama ile dawa ya kuchua ilikufikia. Sisi ni wazima. Mvua zimeanza na barabara ya Mkuyuni imeharibika tena.

Nimeona nikuandikie, maana kwa simu nisingemaliza bila kulia.

Unakumbuka programu yako ya miadi ya wagonjwa, ile uliyoniachia pamoja na kiti cha ukarani ulipostaafu. Mwezi uliopita tuliletewa kompyuta mpya, na programu ikakataa kufunguka. Godfrey, fundi wa kompyuta wa Kihonda, akanielekeza niongeze vigezo viwili vya mazingira. Ni mistari mifupi inayoandikwa kwenye mipangilio ya kompyuta. Programu ikiamka huisoma kwanza, ijue faili zake ziko wapi na ifuate saa za nchi gani. Kwenye saa niliandika Dar es Salaam. Ningeandika nini kingine? Ikafunguka. Nilifurahi mpaka nikamnunulia Sista Catherine, mganga wetu mfawidhi, soda.

Kisha wakaja madaktari wa macho, wale wanaopita mara moja kwa mwaka kupasua mtoto wa jicho. Orodha ya wagonjwa ilitoka mjini, programu ikapanga saa yenyewe kama siku zote, nami nikagawa vikaratasi thelathini na kimoja, vyote vya saa ileile.

Jumanne madaktari walifika saa mbili asubuhi. Benchi lilikuwa tupu. Saa nne, tupu. Sista akaniuliza, "Esther, watu wako wako wapi?" Nikatoka nje kutazama barabara. Saa saba wakafunga masanduku, wakaondoka wakidhani watu wameogopa kisu.

Saa nane kamili, Mjomba, wote wakatokea. Wote! Mbele alikuwa Bi Mwaisha, yule jirani yako wa zamani kule juu mlimani. Siku hizi haoni kabisa. Alimshika bega binti yake, Sabra, na matope yalimfika magotini.

"Tumewahi?" akauliza.

Nikamwambia madaktari wameondoka. Akanyoosha kikaratasi. "Nisomee mwanangu, mimi sina macho. Si saa nane hii?"

Ilikuwa SAA 8:00. Kwa kompyuta hiyo ni saa mbili yetu ya asubuhi.

Nikafungua jalada la miaka iliyopita. Vikaratasi vyako vyote vya asubuhi vimeandikwa saa 2, saa 3, saa 4, kama tunavyohesabu sisi. Nikakimbilia stoo, nikawasha kompyuta ya zamani. Saa yangu ya mkononi ilikuwa tisa na dakika ishirini alasiri. Yake ilionyesha 9:20, asubuhi. Nikatazama mipangilio. Mjomba, ilikuwa imewekwa Buenos Aires! Nilipomsomea Godfrey kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Dada, hiyo mashine imekaa Amerika Kusini miaka yote! Kule wako nyuma yetu saa sita, 8:00 ya hapa kwao ni 2:00. Aliyeiweka anajua watu wake." Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la vyandarua, nikimsikia Bi Mwaisha akikohoa nje.

Sista aliwapigia madaktari, akawasihi. Wakakubali kurudi Alhamisi. Nami nikabadilisha kigezo kile cha saa kiwe Buenos Aires, kwa programu ile peke yake, kompyuta yenyewe ibaki Tanzania. Vikaratasi vikatoka SAA 2:00. Kila kimoja niliongeza "asubuhi" kwa kalamu, na bado sikulala.

Jana Bi Mwaisha alifika saa kumi na moja alfajiri. "Karatasi yako ina saa," akaniambia, "mimi nina jogoo."

Leo walimfungua bandeji ya jicho la kwanza walilompasua. Akanikodolea macho. Kisha akasema, "Kumbe karani ndiye huyu! Kitoto hiki ndicho kilichotutembeza kwenye matope yale?" Nikalia mbele ya watu wote.

Sista alinitaka maelezo kwa maandishi. Niliandika kwamba nilihamisha programu bila kulinganisha kikaratasi kipya na cha zamani. Jina lako sikulitaja. Alisoma, akavua miwani, akauliza, "Na nani aliyeipeleka Buenos Aires?" Nikaanza kupanga vikaratasi mezani. Akasema, "Msalimie mjomba wako." Kazi bado ninayo.

Nisalimie Mama Josephina na watoto wote. Mama na Baraka wanakusalimu. Bi Mwaisha anasema ukija sasa hutampita kimyakimya tena, atakuona. Mungu akupe afya na akuponye mguu.

Ila Mjomba, kwa heshima zote: kompyuta ya zamani inachukuliwa mwisho wa mwezi huu. Kama kuna kitu kingine ulichokiweka humo bila kumwambia mtu, nakuomba unipigie simu siku hiyohiyo utakayosoma barua hii.

Mpwa wako akupendaye, na mwenye hofu bado,
Esther