Pipa la Itumba

Itumba, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Lusungu,

Salamu nyingi. Huku Ileje ni mvua na baridi, ila mimi na mama tu wazima. Huko Tunduma mwaonaje? Wifi amepona kikohozi?

Nimekutumia chupa kwa gari la Barnaba, ya divai ya pipani, ule mchanganyiko wetu wa zabibu nyekundu za Dodoma. Iache wazi kwanza, inuse, kisha ikae mdomoni kabla hujameza. Kwangu bado ina ukakasi, kama ndizi mbichi. Kumbuka tulivyopatana: haiuzwi mpaka vinywa vyetu viwili vikubaliane.

Dada yako,
Tukuswiga

Tunduma, 17 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Tu wazima. Wifi yako amepona, sasa anakohoa akitaka kunigombeza tu.

Nimeionja. Nzito, imejaa mdomo, ina harufu ya zambarau na moshi kwa mbali. Ukakasi upo, lakini huku mpakani nani ataujua? Ba Lucky, mwenye baa kule Nakonde, kaonja akasema nimpe hata leo. Wewe utaizeesha mpaka tuzeeke sisi!

Mdogo wako,
Lusungu

Itumba, 12 Mei 2024

Lusungu mdogo wangu,

Hamjambo? Sisi hatujambo, ila shangazi wa Msangano kavunjika nyonga. Naenda kumuuguza.

Usimwonjeshe mtu tena. Mama Ruti wa hoteli ya Vwawa atakuja kuonja Desemba. Akiridhika, atachukua yetu kila mwaka. Kwa ajili hiyo nimeng'oa kahawa yangu, nipande mizabibu.

Ufunguo wa stoo anao mama. Njoo uongezee pipa kwa ile ya kwenye dumu. Likipungua, hewa itaingia, divai igeuke siki.

Dada yako,
Tukuswiga

Tunduma, 30 Juni 2024

Dada, shikamoo. Pole na uuguzi, msalimie shangazi.

Nilifika Itumba. Nimeongezea kama ulivyosema. Divai imetulia. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Lusungu

Itumba, 8 Desemba 2024

Lusungu,

Mama mzima. Shangazi anatembea kwa mkongojo.

Niliporudi niligonga pipa, likaitika zito. Sikulifungua, nilitaka Mama Ruti awe wa kwanza. Jana alikuja na mchungaji. Nikafungua koki mbele yao. Yakatoka maji, yana wekundu hafifu, yananuka mbao.

Mama Ruti akacheka. "Tuku, kule Kana maji yaligeuka divai. Ninyi mmeanzia mwisho?" Mchungaji akatazama viatu vyake. Nikafunga koki.

Mama anasema ulikuja na Ba Lucky na madumu. Alidhani tumepatana.

Ulijaza maji ili mbao zisikauke zikapasuka. Hilo nilikufundisha mimi. Ungeliacha tupu, ningejua siku niliyorudi, nikamzuia Mama Ruti asije. Ulilihurumia pipa, mimi hukunihurumia.

Mama anataka nikuandikie kwamba nimekusamehe. Sijakusamehe, kwa hiyo siandiki. Krismasi njoo umwone; atakupikia. Mimi nitakuwa Msangano.

Tukuswiga