Sikusikia Bati

Senje,

Nimerudi nyumbani Shinyalu, hapa Kakamega, jana. Nilipita kaburini kwako nikakuta watu wengi, kwa hiyo nakuandikia hapa kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya benchi lako, kabla watoto hawajaja mazoezini. Baba bado anakutaja kana kwamba dada yake ameenda tu sokoni.

Nimekukasirikia, nisikufiche. Umenifunza mpira wa vinyoya tangu nikiwa sifikii wavu, halafu jina langu linasomwa kwenye timu ya Kenya, naenda Mashindano ya Afrika yenyewe, na wewe unaondoka. Kweli, Senje?

Kila Jumamosi tukifagia hapa ulitusimulia historia ya mashindano hayo. Yalivyoanzia Ghana. Nijeria wakatamba, Morisi wakaja juu, Afrika Kusini wakatawala, kisha Misri na Aljeria. Mwishoni unauliza, "Na Kakamega je?" Nasi tunapiga kelele, "Bado!" Ulicheka kila mara, ila mimi niliyaona macho yako.

Sasa sikiliza. Robo fainali, timu zimetoshana mbili kwa mbili, mechi ya mwisho ni yangu. Nikishinda, shaba ni yetu, maana anayefika nusu fainali hakosi medali. Nikishindwa, sote tunafunga mizigo. Na lile jumba! Paa liko mbali kabisa. Mpinzani wangu anakirusha kinyoya juu, nami nikitazama kinanipotea kwenye taa. Seti ya kwanza alinichapa vibaya. Ya pili nikaichukua kwa mtindo wetu wa chini chini, wa kasi, maana hapa kwetu bati liko karibu na ulikuwa mkali: "Juu hatupigangi, mwana wanje. Ukigonga bati, pointi imeenda."

Seti ya tatu akatugundua. Akasogea karibu na wavu, akawa ananizimia kila kitu. Tukafika ishirini kwa ishirini. Raketi inateleza mkononi. Nikapata pointi moja. Imebaki moja tu. Na nyuma yake, Senje, peupe! Uwanja mtupu. Nilijua pa kupiga, mkono ukakataa. Mkono wangu umeliogopa bati lako miaka yote hii.

Nikapiga juu.

Nikafumba macho nikingoja ule mlio. Haukuja. Nilipofumbua, kinyoya kimelala ndani ya mstari na wenzangu wananikimbilia. Nililia sana. Nilikuwa nakutafuta kwenye viti.

Nawasikia watoto wanakuja, kelele tupu. Nakuahidi historia haitapotea; nitawasimulia leo nikianzia Ghana, kama wewe. Nikiuliza kuhusu Kakamega watajibu "Bado!" kwa mazoea. Nitawaacha waseme mara hii ya mwisho, kwa ajili yako, ndipo nitoe medali mfukoni.

Pumzika, Senje. Ufagio nimeshika mimi.

Wako,
Khavere