Uso Unaosikiliza

Jumamosi, 2 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, mama mzima, hata paka wa jirani anayetuibia mzima. Habari za huko? Mgongo umepungua? Salamu nimezitanguliza kwa sababu mama anasema hata ukienda kugombana unabisha hodi kwanza. Sasa nimebisha.

Jana mwalimu wa muziki alizima taa akatuwekea opera. Akatueleza kwamba ni mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, halafu akataja ni upi. Unajua mimi darasani huwa sinyooshi mkono. Wananiita Kimya, na nimeshazoea. Lakini aliposema jina la ule mchezo mkono wangu ukapanda wenyewe, nikasema, "Mama yangu yumo." Darasa zima likageuka kunitazama. Nilitamani sakafu inimeze, ila nilikuwa na furaha pia, siwezi kukudanganya.

Wimbo wake najua unakaa wapi, bibi alishanihadithia. Malkia kaachwa na mumewe, kajifungia chumbani, na mtumishi wake anamwimbia amruhusu afungue dirisha. Mtumishi ndiye mama. Katika opera nzima, wimbo wa peke yake ni huo mmoja.

Sauti yake ikaanza. Baba, mimi sauti ile sikuwa naijua. Hapa nyumbani mama haimbi hata akiosha vyombo. Nikakaza macho kwenye skrini nimwone. Nikaona malkia. Malkia kainamisha kichwa. Malkia kafumba macho. Malkia na vidole vyake vya pete. Mama alitokea mkono tu, ukiweka taa mezani, ukaondoka. Nyuma yangu mtu akauliza, "Kimya, mama yako ndiye ile taa?" Walicheka mpaka mwalimu akagonga meza.

Mwisho yakapita majina. Mhariri wa picha: wewe.

Kwa nini ulimkata mama yangu? Usipige simu. Kwenye simu nitasema "sawa, baba", na si sawa.

Mwanao


Jumanne, 19 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, ndio mshahara wa kukaa kitini gizani. Nimefurahi kusikia mko salama. Barua yako imenichoma, nami nakujibu kama mtu mzima kwa sababu umeniuliza kama mtu mzima.

Neno "kumkata" liondoe. Mimi nilianza kazi hii enzi za mkasi na gundi, filamu ikining'inia shingoni kama tepu ya fundi nguo. Aliyenifundisha, mzee mmoja mkali ajabu, alikuwa akinipiga rula mkononi na kuniambia, "Anayesema tunamsikia tayari, wewe mjinga! Nionyeshe anayesikiliza." Nikalishika hilo. Nikawa fundi wa nyuso zinazosikiliza. Waongozaji walikuwa wanasema, mpe yule, yeye anajua mtu akiumia anaonekanaje. Ndiyo iliyokulea, kazi hiyo.

Filamu zilipopungua nikachukuliwa na jumba la opera. Kule unaweka kamera saba, unapiga maonyesho ya jioni mbili, kisha unachagua. Muziki huugusi hata nukta. Unachohamisha ni picha tu. Mimi nilikwenda na ujuzi wangu. Mtumishi anaimba, tunamsikia. Aliyeumia ni malkia, nikamwonyesha malkia. Waliosifu walisifu.

Na kuna jambo hukuambiwa. Mama yako alikosea. Alitazama kamera. Katika kazi yetu mtu akitazama lenzi, picha hiyo ni takataka, na yeye alifanya hivyo jioni zote mbili. Ningetumia nini? Kwenye bahasha hii kuna flashi yenye picha ghafi, kabla sijazikata, uone mwenyewe. Usimwonyeshe yeye, sitaki kumtonesha kidonda.

Kwa bahati, mwezi wa sita jumba litaionyesha filamu hii upya, nami ndiye ninayeisafisha. Ukitaka nitawatafutia viti. Hao watoto wapuuze. Usione vyaelea, vimeundwa.

Baba yako


Jumapili, 31 Machi

Baba,

Shikamoo. Tu wazima. Mengine usiniulize.

Nimemwonyesha. Ndiyo, nimekaidi, na ungekuwepo ungenikataza kwa mdomo.

Kwanza nilitazama peke yangu. Mara ya kwanza niliona kosa, kama ulivyoniambia: macho ya mama yanamwacha malkia, yanakuja moja kwa moja kwenye lenzi. Mara ya pili nikashtuka. Mtu aliyeteleza macho huyarudisha mbio. Hilo mimi nalijua kuliko wewe, baba. Nimeishi maisha yangu yote nikikwepa kutazamwa, ninajua macho yaliyopotea njia na macho yaliyofika. Ya mama yalifika yakakaa. Aliimba wimbo mzima ametulia, kama mtu anayeongea na mtu mezani.

Mama akarudi kazini, mikono imevimba kwa pasi, siku hiyo hoteli ilikuwa na wageni wengi na mashuka ni mlima. Nikaweka kompyuta ya kuazima katikati ya vikombe.

"Hii umeipata wapi?"

"Kwa baba."

"Kumbe hakuitupa." Akavuta kiti.

Alijitazama hadi mwisho bila kupepesa. Nikamwuliza kwa nini alitazama kamera. Nilidhani atanifokea. Akasema, na nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka:

"Baba yako wakati ule akirudi tumelala, akitoka hatujaamka. Nikimsemesha anatazama ukuta, kichwani anakata picha. Nikajiuliza, huyu mwanamume kuna kitu gani hapa duniani anakitazama kwa makini? Anakirudia, anakirudia tena? Nikaona basi, nikamngoje humohumo."

"Ukamwimbia yeye?"

"Nimwimbie nani mwingine? Wa kwanza kuiona picha ile alikuwa yeye, kabla ya mwongozaji, kabla ya mtu yeyote. Nilijua atakuwa peke yake gizani. Nikamwambia afungue dirisha."

"Akasemaje?"

"Alikuja, nikamwekea chakula. Akala. Akasema, 'Umetazama kamera jioni zote mbili, umeniharibia kazi.' Halafu akaomba chumvi."

Baba. Ukaomba chumvi.

Mama alicheka, kile kicheko chake cha puani, akaenda kulala na viatu. Mimi nilibaki pale jikoni, nikachukua kalamu. Shuleni tunasoma na kuandika kwa lugha ile nyingine, na kwa lugha ile nina adabu sana, mwalimu hunisifu. Hasira zangu zote zimo kwenye hii ya nyumbani, na hii nilifundishwa na mama, kwa hiyo zipokee. Wewe ni fundi wa nyuso zinazosikiliza! Watu wanakuita kutoka mbali uje uwasomee uso wa mwigizaji. Uso mmoja ukakuita wewe, jioni mbili mfululizo, wimbo uleule, ukaona takataka. Kazi yako kuitazama ile picha ilikuwa tu kutafuta pa kukata. Na miaka yote hii umemwacha mama aamini kwamba alikosea. Mama ameacha kuimba kwa sababu hiyo, na wewe unaniandikia kuhusu rula ya mzee wako!

Sikuombi samahani kwa sauti hii. Nakuomba mawili. La kwanza, irudishe picha yake kwenye filamu. Jioni ya pili, kamera iliyokuwa mbele yake. Usikate hata mara moja, tangu anapovuta pumzi hadi anaponyamaza. La pili, uje. Kaa kulia kwa mama. Kushoto ni kwangu.

Mwanao


Jumatano, 8 Mei

Baba,

Shikamoo, kama unaipokea.

Hujajibu. Natumaini si mgongo. Kama ni mgongo nitakuonea huruma, kama si mgongo sitakuonea.

Mama anasema hakutegemea kitu. Lakini jana nimemkuta anashusha pindo la gauni lake la bluu, nikamwuliza unaenda wapi, akasema, "Kwani nguo ni lazima iende mahali?" Na kila akiingia anauliza kama kuna barua, kisha anajifanya aliuliza ya umeme.

Mimi nilikuwa nafikiri kimya ni adabu. Nimekuwa nikijisifia, kwamba nimekirithi kwako. Sasa nakisikia kutoka upande huu, na ni ufidhuli mtupu.

Andika hata mstari.

Mwanao


Ijumaa, 24 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Msalimie mama yako, kama salamu yangu inapokelewa.

Nimechelewa kwa sababu sikujua niandike nini. Niliitoa picha ile nikaitazama tena. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi zamani, na kila mara niliangalia saa ya kona ya skrini, mkono umeshika kitufe cha kukata. Safari hii nimeweka mikono mapajani.

Imerudi. Jioni ya pili, kamera ya mbele, sijakata. Msimamizi wa jumba aligoma, alisema watazamaji watashtuka, mtumishi anawakodolea macho. Nikamwambia basi andika jina lako kwenye kazi hii, langu toa. Sijawahi kumpandishia mtu sauti kazini. Ikapita.

Kuja sidhani. Nina opera nyingine mezani na tarehe zimegongana, mwongozaji wake hana subira. Viti vitatu nimevihifadhi kwa jina la mama yako, cha tatu labda bibi apumzike mguu. Naamini mtanielewa. Nilichoweza kufanya, nimekifanya, na kipo ndani ya ile picha.

Baba yako


Jumatatu, 10 Juni

Baba,

Shikamoo. Tulikwenda.

Bibi hakuja. Alisema kiti hicho si chake, hawezi kumkalia mtu. Kwa hiyo kilibaki wazi kulia kwa mama, nami nikaweka koti langu juu yake. Ukumbi ulijaa. Kila aliyechelewa alikuja kuniinamia, "Hapa pana mtu?" Na mimi, Kimya, nisiyeweza kumwomba kondakta chenji yangu, nikawa nasema kwa sauti, "Pana." Mzee mmoja akasema, "Huyo mtu wenu koti tupu?" Nikamwambia, "Pana mtu, mzee, anakuja." Uongo wote huo nimekusemea wewe.

Malkia akajifungia chumbani. Mama wa kwenye skrini akaweka taa mezani. Nikajua sasa.

Ulisema kweli, hukukata. Akainua macho, akatutazama wote. Dada aliyekaa mbele yetu aliweka nywele zake sawa, baba, kama mtu aliyeitwa jina. Ukumbi mzima ulidhani anaimbiwa yeye. Mama alikuwa kajibana mikono kwapani, hatikisiki. Akaninong'oneza, "Nilimwambia mtu mmoja. Yeye kawagawia watu wote, kasoro yeye."

Katikati ya wimbo akaja mwanamke mmoja mnene, anahema, tiketi yake imechanganywa na ya mtu. "Samahani, hapa pana mtu?" Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia. Akachukua koti langu, akaniwekea mapajani.

"Kaa tu, dada," akasema. "Hapa hapana mtu."

Watu walisimama wakapiga makofi. Mwalimu wangu wa muziki alikuwepo, alilia hadharani, kesho darasani atajifanya mafua. Unaweza kuweka yote hayo kwenye sifa zako. Mimi hasira zangu hazijaisha, nimezihesabu, zote zipo.

Ila kuna moja nitakuambia, kisha nimemaliza. Leo asubuhi niliamshwa na maji ya bomba jikoni, na juu ya maji, sauti. Mama anaosha vyombo. Anaimba wimbo wa dirisha, nusu nusu, maneno mengine kayasahau anajaza na mluzi. Nilisimama nyuma ya mlango nisionekane, nikasikiliza mpaka akamaliza masufuria.

Hiyo haina kamera. Haina jioni ya pili. Usiniandikie, usitume flashi. Mlango unaujua.

Mwanao